Bodi inakupa muhuri, chama kinakupa wenzako

Wadau, leo naomba mnivumilie. Sitazungumzia simu mpya, wala lugha mpya ya kuandikia programu, wala mtandao wetu unaokatika mvua ikinyesha. Leo nazungumzia wasanifu majengo, wale wanaochora nyumba kabla fundi hajashika mwiko, na chama chao. Najua kuna atakayeuliza huyu kijana wa kompyuta ameingiaje kwenye mambo ya simiti. Subiri ndugu yangu, soma mpaka chini, utaona jambo hili linatuhusu sisi wa kompyuta kuliko tunavyopenda kukubali.

Iko kauli moja nimechoka kuisikia hapa Watamu. Unamkuta msanifu kijana, kasoma miaka yake chuoni, kafanya mitihani, kasajiliwa na bodi, muhuri wake anao mkobani. Unamuuliza, je, wewe ni mwanachama wa chama cha wasanifu? Anacheka. Chama cha nini? Bodi imeshanipitisha, chama ni ada tu na mikutano ya hotelini. Na wenzangu waandishi wa programu walioketi naye meza moja wanaitikia kwa kicheko, maana sisi ndio mabingwa wa kudharau vyama katika nchi hii.

Mimi nasema kauli hiyo ni ya hatari. Ina hoja ndani yake, na nitaijibu hoja hiyo, sitaikimbia. Lakini ni ya hatari, na atakayelipa gharama yake ni yule atakayelala ndani ya nyumba, chini ya dari ambalo hakulichora wala hakulimwaga.

Tutenganishe kwanza vitu vitatu

Watu wengi wanachanganya, kwa hiyo tuanze hapo.

Kitu cha kwanza ni bodi. Kenya ina Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, wengi wanaiita BORAQS. Bodi hii ipo kwa nguvu ya sheria, Sura ya 525, sheria ambayo mizizi yake ni ya enzi za mkoloni, miaka ya 1930. Kwa sheria hiyo huruhusiwi kujiita msanifu majengo kama jina lako halimo kwenye daftari la bodi. Bodi ndiyo inayokuingiza, na ukiharibu sana bodi ndiyo inayokutoa.

Kitu cha pili ni serikali yenyewe. Kaunti, kwetu hapa kaunti ya Kilifi, ndiyo inayotoa kibali cha ramani. Halafu iko Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo inasajili wakandarasi na kukagua kazi zinazoendelea.

Kitu cha tatu ni chama. Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya, AAK, kilianzishwa mwaka 1967. Ukisikia jina utadhani ni cha wasanifu peke yao, lakini ndani yake wamo pia wakadiriaji majenzi, wapangaji wa miji, wahandisi, wasanifu wa bustani na mandhari, na wasimamizi wa miradi ya ujenzi. Hiki hakikupi ruhusa ya kufanya kazi. Unaingia kwa hiari yako, unalipa ada, unakubali kanuni zao.

Sasa, swali la yule kijana linaonekana la haki kabisa. Kama ruhusa natoa kwa bodi na kibali natoa kwa kaunti, chama kinanipa nini?

Jibu langu ni hili. Bodi inakutana nawe siku mbili tu za maana: siku unayosajiliwa na siku unayoshtakiwa. Chama kinakutana nawe siku zote za katikati. Na nyumba, ndugu zangu, zinaharibika katika siku za katikati.

Chumvi haijui muhuri

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Msanifu amepewa kazi ya nyumba ya ghorofa mbili, karibu na ufuo. Mteja anataka kuta nyeupe, roshani inayotazama bahari, na makuti juu. Kazi nzuri, na hela ipo.

Bahari yetu inatupa samaki na watalii, na inatupa chumvi. Nondo iliyo ndani ya simiti inalindwa na simiti yenyewe, kwa sababu simiti mpya ina ukali wa alkali unaoufanya uso wa chuma usishike kutu. Chumvi ikipenya mpaka ikafika kwenye chuma, ulinzi ule unavunjika. Chuma kinaanza kuliwa. Na kutu ina ujazo mkubwa kuliko kile chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba, inaisukuma simiti kutoka ndani, simiti inapasuka, maji ya chumvi yanazidi kuingia, kutu inazidi. Ukitembea ufuoni ukaona nguzo imepasuka kwa urefu, na mistari ya rangi ya kahawia inateremka, basi ujue hiyo ni kazi ya miaka mingi ya kimya kimya.

Chumvi inaingiaje? Kwa upepo wa bahari, ndiyo. Lakini pia kwa mchanga wa ufuoni ambao haukuoshwa, kwa maji ya kisima chenye chumvi yaliyotumika kuchanganyia, na kwa simiti nyembamba iliyofunika nondo kana kwamba tunajenga Nyeri. Karibu na bahari tabaka hilo linatakiwa liwe nene zaidi. Kila jambo kati ya haya ni dogo, na hakuna linaloonekana siku ya kukabidhi funguo. Nyumba inapakwa chokaa, inapigwa picha, inawekwa kwenye mtandao, wageni wanakuja, kila mtu anafurahi. Waandishi wa programu mnaijua hali hii: kasoro imelala ndani, majaribio yote yamepita, mteja ameshalipa.

Najua mtu atasema hesabu za nondo ni za mhandisi. Sawa. Lakini msanifu ndiye anayekaa na mteja, ndiye anayechagua vifaa, ndiye anayesema roshani itoke mita ngapi nje, na mara nyingi ndiye anayeulizwa kama mhandisi kweli anahitajika au tuokoe hela.

Sasa huyu msanifu wetu kijana aliyajua wapi mambo ya chumvi? Chuo chake kilikuwa Nairobi au Juja, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini. Walimfundisha, sikatai, ukurasa mmoja au miwili. Lakini kusoma habari za chumvi ni kitu kimoja, na kukaa na mzee aliyejenga Malindi miaka 30, aliyeona nguzo zake mwenyewe zikipasuka, akakuambia mwanangu usiwaache wamwage bila wewe kuwepo, ni kitu kingine. Vivyo hivyo upepo wa kusi na kaskazi, mvua inayopigwa na upepo ikaingia dirishani kwa ubavu, na moto wa makuti unaoruka kutoka paa moja hadi jingine kabla hujajaza ndoo. Huku Pwani tumeona hoteli zikiteketea kwa njia hiyo.

Msanifu aliyeko Nairobi ana wenzake ghorofa ya chini na ya juu. Aliyeko Watamu yuko peke yake. Hana mtu wa kumwambia, hebu nitazamie ramani hii kabla sijaipeleka. Ndiyo maana nasema yule wa Watamu, ambaye ndiye anayecheka zaidi habari za chama, ndiye anayekihitaji kuliko wote. Kule kwenye vikao na semina za chama, ambazo yeye anaziita porojo za hotelini, ndiko anakoweza kumpata yule mzee wa Malindi. Kama hakuna chama, atampata kwa bahati, au hatampata kabisa.

Ati waliojenga Gede walikuwa na chama gani?

Hii nimeambiwa kwa sauti ya ushindi. Ati hapo Gede, dakika chache kutoka Watamu, kuna mji wa mawe wenye misikiti, jumba la mfalme, visima na vyoo vya ndani, na kaburi moja lina tarehe ya mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Mji uliohamwa karne ya 17, na kuta zake bado zimesimama, mpaka UNESCO wakauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Nani aliwapa cheti hao?

Hoja nzuri sana, nashukuru imeletwa, kwa sababu inanisaidia mimi.

Tazama vifaa vya Gede. Mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Upana wa chumba cha nyumba ya Waswahili wa kale ulifuata urefu wa boriti inayopatikana, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Sheria hiyo haikuandikwa kwenye gazeti la serikali. Ilikaa mikononi mwa mafundi, ikipita kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake, na kila mtu mjini aliyepita njiani aliweza kutazama ukuta akajua umekwenda vizuri au umekwenda upogo. Kazi ilikuwa wazi. Wakaguzi walikuwa mji mzima.

Simiti ya leo imeficha kila kitu. Ukishamwaga nguzo, hakuna jirani wala imamu wala mwenye nyumba anayeweza kujua ndani mna nondo ngapi na zimekaa wapi. Kazi inapofichika machoni mwa watu wa kawaida, wanaobaki na uwezo wa kuihukumu ni wenye ujuzi ule ule. Yaani wenzako. Na wenzako wasipokuwa na mahali pa kukutana, hakuna anayekuhukumu mpaka siku jengo lenyewe litakapotoa hukumu.

Tumeziona hukumu hizo. Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka katikati ya jiji, watu 36 wakafa. Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita likaanguka usiku wa mvua, wakafa karibu watu 50, na jengo lile lilikuwa limeshatiwa alama kwamba halifai kukaliwa na watu. Nchi zote mbili zilikuwa na sheria na bodi. Sisemi kadi ya uanachama ingeyazuia majengo hayo yasianguke, huo ungekuwa uongo. Nasema sheria peke yake, bila watu wa fani waliozoea kukaguana na kusemezana, ni rangi ya alama kwenye ukuta wa jengo ambalo watu bado wanalala ndani.

Sauti ya mmoja haifiki Nairobi

Faida ya pili ya chama ni sauti. Kanuni za ujenzi ambazo Kenya ilizitumia kwa zaidi ya miaka 50 zilikuwa za mwaka 1968. Fikiria hilo. Simu zimekuja, intaneti imekuja, M-Pesa imekuja 2007, na mtu anayechora ghorofa bado alikuwa anafuata kanuni za 1968. Kanuni mpya za taifa, za mwaka 2024, zilianza kutumika Machi 2025. Miongoni mwa waliopiga kelele kwa miaka mingi zibadilishwe ni AAK. Chama hicho hicho kinatoa ripoti zake kuhusu hali ya ujenzi nchini, na zaidi ya mara moja kimejitokeza hadharani kulalamikia vibali kukwama. Niambieni, msanifu mmoja wa Watamu angeandika barua ya namna hiyo peke yake, nani angeisoma?

Sisi wa mitandao tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa hili, kwa sababu lilitutokea. Novemba 2000, watoa huduma za intaneti Kenya, kupitia chama chao TESPOK, walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area isizunguke kwanza hadi ng'ambo kwa setilaiti halafu irudi. Baada ya wiki mbili hivi kikafungwa, kwa sababu Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati ule, ililalamika. Kampuni moja moja zingenyamaza na kuendelea na biashara. Chama hakikunyamaza, kilibishana na mdhibiti na wanasiasa, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Kila mara ukurasa wa tovuti ya Kenya unapofunguka haraka, kumbuka kwamba kuna watu walilipa ada ya chama.

Hoja nzito: chama kinageuka genge

Sasa nije kwenye hoja ninayoiheshimu. Wanasema, ukiwakusanya watu wa kazi moja chumba kimoja, hawatazungumza ubora, watazungumza bei. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Ni kweli, na ushahidi upo. Chama cha wasanifu cha Marekani, AIA, kilichoanzishwa 1857, kilikuwa na kanuni iliyowazuia wanachama wasishindane kwa bei. Wakaiita maadili. Serikali ikawapeleka mahakamani, na mwaka 1972 wakakubali kwa amri ya mahakama kuiondoa. Mwaka 1990 wakabanwa tena kwa mambo ya aina hiyo hiyo. Kwa hiyo anayeniambia vyama vinaweza kuoza, simbishii.

Lakini tazama ni lini chama kinakuwa na meno ya kumuumiza mwananchi. Ni pale chama kinaposhika na leseni. Kama mtu mmoja anakula ada yako, anapanga bei yako, na pia ndiye anayeweza kukunyima kazi, huyo ni bwana wako. Uingereza wameachanisha: RIBA, chama kilichoanzishwa 1834, ni cha hiari, na daftari la majina ya wasanifu linashikwa na bodi nyingine kabisa kwa sheria ya 1997. Kenya nasi tuna bodi upande mmoja na chama upande mwingine. Chama cha hiari kikikuchosha unatoka na kazi yako inaendelea, na hiyo ndiyo silaha ya mwanachama. Kwa hiyo dawa ya genge ni kuacha mlango wazi, kuingia kwa hiari na kutoka kwa hiari, halafu wanachama wenyewe kuhudhuria na kupiga kura. Anayekaa nje akicheka amewaachia ngoma wale wale anaowalalamikia.

Sasa zamu yetu sisi wa kompyuta

Hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

Mnakumbuka ule muswada wa watu wa TEHAMA. Uliletwa bungeni 2016, ukapigwa vita, ukarudi 2020, Bunge likaupitisha 2022, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi. Ungeanzisha baraza la kutusajili na kutupa leseni. Mimi nina digrii ya sayansi ya kompyuta, kwa hiyo ungenifaa mimi na kunipunguzia washindani. Bado niliupinga na ningeupinga kesho, kwa sababu kijana wa Timboni aliyejifunza kuandika programu kwa simu ya mkopo na video za bure angefungiwa mlango, na huyo kijana mara nyingine anaandika vizuri kuliko sisi tulioenda chuo.

Tulishinda. Lakini tulipoikataa leseni tulikataa na wazo zima la chama, tukalala. Tumewachanganya bodi na chama, kosa lile lile la yule msanifu wa muhuri mkobani. Yeye anasema nina bodi, chama cha nini. Sisi tunasema hatutaki bodi, kwa hiyo chama cha nini. Wote wawili tumefika mahali pamoja: mtu peke yake na kazi yake, bila wa kumtazamia.

Na msiniambie programu haiui. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25, huko Marekani na Kanada, iliwapiga wagonjwa sita kwa mionzi iliyopita kipimo kwa mbali sana, na angalau watatu walikufa. Wachunguzi walipochimba walikuta programu ile iliandikwa na mtu mmoja, na hakuna mtu mwingine wa kujitegemea aliyeukagua msimbo wake. Hiyo ndiyo nguzo iliyomwagwa bila mtu kutazama. Leo hapa kwetu programu zetu zinabeba pesa za watu, rekodi za hospitali, kura, na hati za ardhi. Hapa Pwani, ambako ugomvi wa ardhi umeumiza familia nyingi, tunataka mfumo wa hati uandikwe na mtu mmoja ambaye hakuna mwenzake aliyewahi kupitia kazi yake?

Tena tuna deni kwa wasanifu. Zile ruwaza za usanifu wa programu tunazojivunia, zilizosambaa baada ya kitabu maarufu cha 1994, wazo lake lilitoka kwa msanifu majengo, Christopher Alexander, aliyeandika mwaka 1977 pamoja na wenzake kuhusu ruwaza za nyumba na miji. Tumechukua msamiati wao. Hata vyeo tumechukua, siku hizi kila mmoja ni msanifu wa mifumo. Jambo moja tuliloliacha kwao ni lile la kukaa chini ya kanuni za wenzako.

Na wanaosema ulimwengu wa programu huria haujawahi kuhitaji vyama, wafungue macho. Apache ina taasisi yake tangu 1999, Python tangu 2001, zina wanachama, kanuni na kura. Itifaki za intaneti zinajadiliwa na IETF tangu 1986, kwa vikao na hati zinazosomwa na kila mtu kabla ya kukubaliwa. Hivyo ni vyama. Havikuomba leseni kwa serikali yoyote, na dunia nzima inavitegemea.

Basi tufanye nini?

Kwanza wewe msanifu wa Watamu, Malindi au Kilifi. Ingia. Lipa ada, halafu uidai thamani yake. Usiende kwenye semina kuokota alama za mafunzo na chai, nenda na ramani yako uiweke mezani. Na mwenzako akileta yake, usimpigie makofi, mwambie ukweli.

Wewe mwenye kiwanja Mida au Gede unayetaka kujenga, uliza maswali matatu kabla hujatoa hela. Jina lako liko kwenye daftari la bodi? Liulize na ulihakiki. Wewe ni mwanachama wa chama gani, na mara ya mwisho ulihudhuria lini? Na ramani hii, ni mwenzako gani ameitazama kabla yangu? Swali la tatu ndilo litakalomtoa jasho yule aliyenakili ramani kwenye intaneti akatafuta muhuri wa kuazima.

Ninyi wa AAK, nimewatetea, sasa nanyi mnisikilize. Makao yenu yako Nairobi, na huku watu wanawaona kwenye televisheni jengo likianguka. Yule kijana anayecheka mmemchangia kicheko chake. Leteni vikao huku, somo la kwanza liwe chumvi, mwalimu awe yule mzee wa Malindi, na mafundi nao wakaribishwe, maana wao ndio wanaomwaga simiti.

Na sisi wa kompyuta tusisubiri muswada wa tatu. Watu watano wanaoaminiana wanatosha kuanza. Kanuni za ukurasa mmoja. Hakuna mfumo unaobeba pesa au maisha ya watu utakaotoka bila mwenzako kuusoma. Hakuna digrii mlangoni, kazi yako ndiyo itakayosema. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mfumo wa watu milioni moja si kazi ya kidole kimoja.

Anayesema chama ni ada tu ana haki ya kusema. Ila asije akaniambia hivyo akiwa amesimama chini ya roshani aliyoichora peke yake.